Kuku na Mgonjwa Wake

Siku ile kumbikumbi walipotoka, Teleka, ndege wa angani afananaye na mbayuwayu, alikuwa akiwadaka juu ya zizi la Punda, mvua kubwa ikampiga, akaanguka. Akabaki amelala kifudifudi, mabawa yake marefu yamepinda kama mundu.

Kuku, ambaye kila amwonaye humwona kama mtoto wake, alimkimbilia. "Maskini mbayuwayu! Umevunjika miguu!"

"Shikamoo, mama. Mimi si mbayuwayu, ni teleka. Miguu yangu ndiyo hii hii, mifupi. Naomba uninyanyue tu."

"Marahaba, mwanangu. Unyanyuliwe wewe, na hali hiyo?" Kuku akamfunika majani makavu, akamletea mtama. Teleka hakuugusa, maana yeye hula wadudu tu, tena akiwa anaruka. Kuku akadhani homa imepanda, akaongeza majani. Kufikia jioni Teleka alikuwa hoi kwa njaa, na Kuku analia.

Punda, asiyependa kelele, akaja kuuliza kuna nini.

"Mgonjwa wangu hawezi hata kusimama!"

"Kwani umewahi kumwona ametua kwenye waya na wale mbayuwayu?"

"Sijawahi."

"Basi. Miguu yake si ya kusimamia; yeye huanza kuruka akiwa juu." Punda akainamisha kichwa, Teleka akang'ang'ania manyoya ya shingo kwa kucha zake. Punda akainua kichwa juu kabisa. Teleka akajiachia, akachomoka hewani, akawameza nzi wote waliokuwa wakimsumbua Punda masikioni.

Kuku alibaki na jani mdomoni, akitazama juu. "Kumbe hakuwa mgonjwa," alisema. "Alikuwa chini tu."