Mashine ya Makungu

Zawena, fundi wa kampuni ya simu, alifungua sanduku la nyaya la barabarani, akawasha mashine ya kuwaelekeza mafundi. Mumewe, fundi Makungu, alikuwa ameifundisha mwaka mzima kila alichokijua kuhusu nyaya. Ilipokwisha kujua, kampuni ikamwambia akapumzike. Akapumzika miezi minne, wakamzika.

"Mlango umekwama?" mashine iliandika, kama inavyoanza kila kazi. "Usiupige teke, si punda wa baba yako."

Zawena akacheka peke yake. Hata nyumbani Makungu alisema hivyo hivyo.

"Hayo matusi tunayafuta leo mchana, mama," alisema msimamizi Kihwelo nyuma yake. "Wakubwa hawayataki. Haya, fanya upesi, mtaa mzima hauna simu."

Waya uliochomoka ulikuwa mbele ya macho yake. Mashine ikauliza: "Kuna maji ndani?"

Ndani palikuwa pakavu kabisa. Zawena akabonyeza Ndiyo.

"Yakaushe taratibu, kama unavyomfuta mtoto masikio. Siafu je, wapo?"

Ndiyo.

"Wape majivu, usiwape mkono."

"Bado tu?" Kihwelo aliuliza.

"Bado, bosi. Lina kasoro nyingi."

Ng'ambo ya barabara mwenye duka alikuwa ameshika simu sikioni, akiita haloo, haloo, na sauti yake ikizidi kupanda.