Vitufe vya Mwanasha

Tangu kiharusi kimnyang'anye Mwanasha sauti, mumewe Kitwana alikuwa akijifunza kutengeneza programu. Mikono iliyozoea cherehani ilihangaika kwenye kibodi, lakini mwishowe alipata kwenye skrini dirisha lenye vitufe vikubwa: ukibonyeza kimoja, kompyuta inakusemea. Tatizo, Mwanasha aliuguzwa kwa dada yake, Tima, na kompyuta ya huko ilikuwa ya aina nyingine, ikaikataa programu. Kitwana akaanza upya, mpaka ikakubali kote kuwili.

Asubuhi moja, kwa Tima, akaifungua mbele ya mkewe. "Bonyeza, mke wangu. Sema lolote."

Mwanasha alimtazama kwa muda mrefu. Kidole kikapita "maji", kikapita "naumwa", kikatua kwenye kitufe alichowekewa kwa ajili ya wageni.

"Wewe ni nani?" ikasema kompyuta.

Tima akageukia ukutani. "Kusahau watu kulianza juzi, shemeji. Sikujua nikwambieje."

Kitwana akapiga magoti. "Ni mimi, Kitwana. Mumeo."

Mwanasha akabonyeza tena, polepole, kwa adabu. Kitwana akajibu tena, naye akamsikiliza kwa makini, kidole kikiwa bado juu ya kitufe.