Aliomba Nungwi Mwenyewe

"Jina la mke wangu limo humo?" Mmanga aliuliza, kidole kishatua juu ya daftari.

Nusrat, msichana aliyekaa mezani, alikuwa akiandikisha watu wa kujitolea kuwafundisha watoto kusoma. Kila Ijumaa chama chao kiliweka meza Darajani, mbele ya duka la Mmanga la vifaa vya umeme. Meza hiyo ndiyo iliyomnasa mkewe, Ulfat.

"Limo," alijibu Nusrat. "Bi Ulfat hodari sana. Tulimpangia Kikwajuni, karibu na kwenu, akakataa. Aliomba Nungwi mwenyewe."

Mmanga aliondoa kidole daftarini. Mkewe alikuwa amemwambia ni Kikwajuni.

"Na nani anayempeleka huko?"

"Jaku, dereva wetu."

Jaku! Sasa kila kitu kilimjia: udi kwenye buibui, simu iliyolazwa kifudifudi, zile Jumamosi za kurudi kimya kimya. Siku alipojaribu kumzuia asijitolee, Ulfat alimtazama usoni akasema, "Mimi sijajaaliwa mtoto, Mmanga. Niache nikae na wa wenzangu." Akamwacha aende.

Kesho yake hakufungua duka. Alipanda vespa yake akaelekea kaskazini, Nungwi. Hakumuuliza mtu njia.

Gari la chama lilikuwa limeegeshwa kando ya madrasa. Ndani yake Jaku, mzee wa mvi tupu, alikuwa akikoroma, kiti amekilaza.

Basi si dereva. Nani, basi?

Mmanga alivua viatu, akanyata hadi mlangoni, akachungulia. Watoto walikaa wawili wawili juu ya mkeka, kila wawili na mwalimu wao. Walimu wote walikuwa wanawake. Ulfat alikuwa pembeni kabisa na mwanafunzi mmoja tu, mtoto wa miaka sita hivi, kichwa kimezama kitabuni. Mmanga aliangaza macho kila pembe kumtafuta mwanamume. Hakuwamo.

Akaona haya. Alikuwa anageuka aondoke ubao wa mlango ulipolia.

Mwanafunzi wa Ulfat aliinua uso.

"Baba!" alipiga kelele, akawaruka watoto wenzake, akamkumbatia Mmanga miguuni.

Ulfat hakushtuka. Alikifunga kitabu taratibu, akasogea, akaupigapiga mkeka kwa kiganja.

"Karibu ukae, Baba Hamad," alisema.