Mashine Iliyosema Subiri

Mji ulikuwa chini ya kilima, na ndani ya kilima yalilala makombora ya jeshi. Iliyoyalinda ni mashine kuukuu, pana kama kabati la nguo, iliyokaa katika chumba cha kileleni. Askari wakiingia zamu waliisalimu kwanza, kama mtu anavyomsalimu mgonjwa.

Asubuhi hiyo mashine mpya ilikuwa imeshafungwa pembeni. Ilibaki Sajini Mwatime azungushe ufunguo wake, ile kuukuu izimike.

"Zungusha basi, Sajini," alisema Kapteni Hemedi. "Au unataka tuisomee hitma kama marehemu?"

"Afande, hii ikiona kitu angani husema subiri. Hiyo mpya husemaje?"

"Hiyo haimsubirishi mtu. Huyu bibi yako wa chuma jana kasahau mlango wa ghala la makombora wazi. Siku ya vita akisahau hivyo, mji wote umekwisha."

Hilo lilikuwa kweli, na Mwatime alilijua. Akasema bismillahi, akaushika ufunguo.

Papo hapo mashine zote mbili zikalia. Kitu kilikuwa kinakuja kutoka mpakani. Mpya ikaandika: ADUI. NIPIGE? Kuukuu ikaandika: SUBIRI.

Kapteni akazitazama zote mbili. "Mwatime," akaita, cheo amekisahau, "wewe waonaje, dada yangu?"

Mwatime akauchomoa ufunguo bila kuuzungusha, kuukuu ikabaki inawaka, akaenda nao dirishani. Mji ulikuwa umetulia, nguo zimeanikwa kwenye kamba. Juu yake, kutoka upande wa mpakani, wingu jeupe lilikuwa likiteremka polepole, na ndani yake ikasikika sauti ya mabawa, au ya kitu kinachofanana na mabawa.