Mkataba wa Chumba cha Uani

Karani aliirudisha fomu chini ya kioo kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesukuma mende aliyekufa.

"Kibali cha ukaazi hakitoki bila mkataba wa nyumba," alisema. "Tena wa mwaka mzima, na mwenye nyumba awe raia."

"Wenye nyumba nao wanataka kwanza kibali," alijibu mwombaji, fundi mzee wa vyuma. "Wiki ya tatu hii nazunguka."

"Hayo malizana nao."

Sasa mwenye akili zake na aeleze: nyumba hupati bila kibali, kibali hupati bila nyumba, na huku viza inakula siku. Zilibaki tisa. Zikiisha, angetakiwa kupanda ndege arudi alikotoka, na huko alikuwa amesharudisha funguo na kuuza mashine yake ya kuchomelea vyuma. Alikuwa na miaka sitini na sita, magoti mabovu na masanduku mawili. 

"Mnatupiga danadana tu," alisema.

"Sheria inaangalia paspoti, mgeni. Haiangalii sura." Paspoti yenyewe karani hakuwa ameifungua, rangi ya jalada ilimtosha. Kisha akatabasamu, akajiona mkarimu. "Ila lugha yetu unaiongea vizuri. Nani kakufundisha?"

"Mwanamke mmoja."

Karani aliangua kicheko, akamkonyeza mwenzake wa dirisha la pili. "Hao ndio walimu!"

Fundi aliikunja fomu yake akatoka haraka, maana mkono ulishaanza kumwasha.

Nje alimkuta dalali wake, mwanamama aliyeitwa Mama Funguo kwa ajili ya shada la funguo lililokuwa likilia kiunoni mwake. Alikuwa amemtembeza mji mzima. Mwenye nyumba mmoja alisema wageni huondoka bila kuaga. Mwingine alisema hapangishi mtu asiyemjua kwao. Wa juzi alikuwa na chumba asubuhi, lakini alipoiona tu ile paspoti, chumba kikawa kimeshachukuliwa na mpwa wake.

"Mzee wangu, imebaki ile ya geti la kijani," Mama Funguo alisema. "Yule hajali wewe ni nani, mradi unalipa."

"Nilishakwambia ile siitaki."

"Basi katafute ndege! Kila nikiitaja unanuna, na sababu husemi."

Fundi alisaga meno, akatema mate pembeni. Kesho yake asubuhi walikuwa wamesimama mbele ya geti la kijani.

Alipitisha kidole kwenye bawaba ya juu, pale chuma kilipoungwa kwa donge nene lililopinda. "Aliyechomelea hapa alikuwa bado anajifunza," alisema.

"Chumba hujakiona, unatafuta kasoro za geti!"

Ndani, ukumbi ulikuwa giza. Mama Funguo alipapasa ukutani akitafuta swichi. Fundi akapeleka mkono nyuma ya mlango, taa ikawaka. Penye mlango wa uani aliinama. Mama Funguo, ambaye hakuinama, aligonga paji la uso akapiga yowe.

"Umejuaje kama ni mfupi?"

"Nimeishi sana kwenye nyumba za namna hii."

Mwenye nyumba alikuwa ameketi uani, redio miguuni pake. Hakuinuka, hakutoa mkono. Aliongea na Mama Funguo peke yake, kana kwamba mpangaji ni kabati lililoletwa kwa mkokoteni.

"Mwambie hakuna kupigilia misumari. Hakuna kuleta watu. Sebuleni asikanyage, apitie mlango wa nyuma."

"Nipo hapa," fundi alisema. "Sema na mimi."

"Na mwambie hapa ni kwangu. Hati ina jina langu tu. Asije akaota ndoto nyingine."

"Huna haya wewe." Fundi alimsogelea. "Huna hata chembe ya haya."

Hapo ndipo mwenye nyumba alipomtazama kwa mara ya kwanza. "Ungebaki hukohuko. Nani alikuita?"

"Jamani, jamani!" Mama Funguo alijitia katikati, mkono mmoja bado kwenye paji la uso. "Hata mkataba hamjasaini mnataka kushikana mashati?"

Fundi alikitazama chumba. Kilikuwa stoo kabla ya kupakwa chokaa. Dirisha moja dogo, upana wa mikeka miwili. Alitamani kuichana karatasi ya mkataba na kumrushia mwenye nyumba vipande usoni. Lakini siku zilibaki nane. Akasaini, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Mchana huohuo alikuwa tena mbele ya kioo. Karani aliugonga mkataba muhuri, akavuta fomu na kuanza kuipitia kisanduku baada ya kisanduku, kalamu ikishuka taratibu. Ikasimama.

"Mgeni, hapa umeharibu. Wanauliza ulizaliwa wapi. Wewe umejaza anwani ya nyumba unayopanga."

"Sijaharibu."

"Nisikilize basi. Ya kupanga inakaa huku chini, na huku nako umeiandika. Mtaa uleule, nyumba namba ileile. Sasa itawezekana vipi..."

Kalamu iliteleza hadi mstari wa mwisho, ule wa uhusiano na mwenye nyumba, ambao kila mpangaji huandika "hakuna". Karani aliusoma kimyakimya. Kisha akausoma tena, safari hii midomo yake ikicheza:

"Mdogo wangu. Tumbo moja."