Herufi Zilizotanguliza Miguu

Kra, kra, kra. Kisha kimya. Kisha kra, kra tena, kama panya aliyeingia kwenye gunia la mahindi.

Umeme wa Busia ulikuwa umekatika tangu magharibi, chakula hakijaiva, nyumba nzima giza. Nasirumbi hakushtuka. Ilikuwa mashine ya mumewe nyuma ya pazia, ikichonga kwa betri ya pikipiki.

Okochi aliiunda mwenyewe. Mota alizitoa kwenye printa zilizokufa, alizozipata kwa wauza skrapu upande wa Kenya. Reli zake zilikuwa za droo za kabati lao la harusi. Nguo sasa zilikaa kwenye sanduku. Unachora herufi kwenye kompyuta, nayo mashine inazichonga kwenye ubao bila mkono wa mtu.

Shida ilikuwa moja tu. Herufi zilitoka kinyume, kama unazitazama kwenye kioo.

Jirani yao Syprose alipoona kibao cha kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Daphine, mashine yenu imezaliwa ikitanguliza miguu."

Tangu siku hiyo Okochi alikataza kazi yake kuonyeshwa watu. Kila kibao kilipotoka, alikaa nacho kidogo nyuma ya pazia, yeye na Daphine wake ambaye hakubanduka kwa baba. Halafu alikitia jikoni mwenyewe na kusimama pale mpaka kiwe majivu. Nasirumbi aliona hiyo ni aibu ya mwanamume, akanyamaza. Ila roho ilimuuma.

Otai, fundi wa vitanda kule Nagongera, alikuwa ametoa neno lake: siku mashine itakapoandika sawa, atamchukua Okochi kwenye karakana yake, wachonge majina ya maharusi kwenye vitanda. Angekuja kuitazama Jumapili baada ya misa. Asiporidhika, basi, hangerudi. Na Okochi angeendelea na vibarua vyake vya mpakani, vile ambavyo hakuvieleza. Sukari haikukosekana, ni kweli. Lakini alikuwa amekonda, na akisikia pikipiki inasimama nje aliacha kutafuna. Hata vidole vyake vilikuwa na doa la zambarau lisilotoka kwa sabuni. Grisi ya mota, alisema. Nasirumbi alivisugua kwa limau, kimoja kimoja, akimwambia Mungu anawaona.

Jioni hiyo Okochi alipotia kibao jikoni, simu ikamwita nje. Nasirumbi akakiopoa kwa koleo. Nusu ilikuwa imeshakuwa mkaa. Zilibaki herufi nne, zote kinyume, na ukingo wa duara. Akakifunga kwenye leso.

Jioni iliyofuata alikipeleka darasani, kwa mwalimu Ekaju. Huyu mchana alikagua makaratasi ya maroli mpakani, jioni akafundisha watu wazima Kiswahili na kompyuta. Ndiye aliyemfundisha Nasirumbi kuandika jina lake mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni. Alikigeuza kibao huku na huku, akacheka kwa upole. Akasema huo si ugonjwa, ni waya mbili tu zimekaa mahali pasipo pao. Kesho angepita.

Alipita kweli, akitoka kazini moja kwa moja, bado amevaa shati la sare. Okochi alipofika mlangoni na kuliona shati lile, alisimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nasirumbi akamwahi. Alimwomba asikasirike, akamweleza upesi upesi kwamba ni yeye aliyemwita mwalimu, kwa ajili ya Jumapili, kwa ajili ya Otai.

Okochi akaingia, akasimama kati ya mwalimu na mashine. "Mwalimu, hiyo kitu imeharibika tu. Usipoteze muda yako."

"Bwana, wewe unaunda mashine na droo za kabati, halafu waya mbili zinakushinda? Lete bisibisi."

Okochi akaleta. Angefanya nini?

Ekaju alizichomoa waya mbili za mota ya kushoto, akaweka hii mahali pa ile. Akaandika neno kwenye kompyuta, akafunga ubao mpya. Kra, kra, kra. Walisubiri wote wanne. Vumbi lilipopulizwa, Nasirumbi aliinama akasoma kwa kidole, herufi moja moja, kuanzia kushoto kama alivyofundishwa. Lilikuwa jina lake. Limenyooka.

Alilia, akacheka, akajifuta kwa kanga.

Okochi aliegemea ukuta. Pumzi ilimrudia polepole. Kisha naye akacheka, akaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake miwili na kushukuru kwa Kiswahili, akashukuru na kwa Kisamia. Akamgeukia mkewe, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

"Mama Daphine, mimi mpakani siendi tena. Kuanzia leo ni vitanda tu."

Mwenyewe aliyaamini maneno yake. Hata sisi tungemwamini.

Daphine peke yake ndiye hakufurahi. Alikuwa amekitoa kwenye leso ya mama kile kibao kilichoungua nusu, amekikumbatia kifuani, anaziangalia waya kwa uchungu. Ekaju akachuchumaa mbele yake. Akamuuliza mbona ananuna, na baba ameponyeshewa mashine yake.

Mtoto alimtazama kama mtu mzima anavyomtazama mjinga.

"Baba akikipaka wino na kukigonga kwenye karatasi za madereva, kinasomeka vizuri."