Kijani Tupu

Kwa mara ya sita, tatizo namba arobaini na moja lilikuwa jekundu tena.

Meneja wa majengo alisonya. Ofisini walimwita Bwana Kijani, naye akadhani ni sifa. Kwenye mfumo wa malalamiko, jambo lililo wazi huwa jekundu na lililotatuliwa huwa kijani, na yeye alikuwa na kipaji cha kutatua mambo bila kunyanyuka kitini.

Akafungua historia ya mabadiliko. Fundi: wazi. Meneja: limetatuliwa. Fundi: wazi. Meneja: limetatuliwa. Kila badiliko na jina lake na saa yake, wala halifutiki.

Akampigia simu fundi wa lifti. "Wewe, una nini na mimi?"

"Bosi, lifti bado inakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Tuizime siku mbili tu, niifungue."

"Leo? Bodi inakuja saa nne kunipa ukurugenzi, waikute imezimwa?"

"Basi tuliache wazi, angalau watu wajue."

"Usinipande kichwani!"

Akakata simu. Miaka ishirini ya kushika spana, na bado hajui kwamba bodi husoma rangi, haisomi lifti! Akaligeuza kijani. Kisha, kuondoa udhia, akaupa mfumo amri: lalamiko lolote jipya la lifti lijifunge lenyewe papo hapo, kwa jina lake, na fundi asipelekewe taarifa. Akajipongeza kwa sauti, peke yake, kama kawaida yake.

Saa nne kasoro robo akakwapua kompyuta yake na kupanda ngazi hadi ghorofa ya nane, kama alivyofanya mwezi mzima. Hakuwa mjinga kiasi cha kuipanda lifti ile.

Chumba cha mkutano kilikuwa tayari: viti vitano, chupa tano za maji. Akajifuta jasho, akawasha skrini kubwa ya ukutani. Kijani tupu, juu mpaka chini. Moyo ukamtulia.

Saa nne ikafika. Ikafika na robo. Wakubwa bwana, akawaza kwa dharau, kazi yao kuchelewa tu.

Ili kupoteza muda, akafungua historia ya namba arobaini na moja, aone kama yule fundi mkaidi amethubutu tena. Fundi hakuwa amegusa kitu. Ila chini yake palikuwa na malalamiko mapya tisa, yote ya robo saa hiyo, yote yametumwa kwa ujumbe kwenye namba ya malalamiko iliyobandikwa ndani ya lifti.

La mwisho lilisema: "Mimi ni mwenyekiti wa bodi. Tumekwama humu watu watano, hewa inatuishia. Ni nani huyo anayefunga malalamiko yetu?"

Mfumo ulikuwa umeshamjibu, kwa adabu zote: "Limetatuliwa. Aliyelifunga: Meneja wa Majengo. Asante kwa kuwasiliana nasi."